Aliyemla Mkurugenzi

Mke wa Mwenyekiti alikuwa amejaa pini kiunoni pale alipouona ufunguo.

Ulikuwa umetundikwa kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni, ufunguo wa kufuli la kawaida kabisa, la kufungia jiko ili paka wa jirani wasile kabla ya wenyewe. Ila ulikuwa umefungwa kwenye kipande cha plastiki ya njano, kirefu kama kidole, chenye namba.

"Fundi," alisema, "kile pale ni nini?"

Fundi alikuwa amepiga magoti anapima pindo la gauni, na mdomo wake nao umebana pini. Aligeuza shingo, akaona, akahisi pini moja inataka kushuka kooni.

"Ufunguo, mama."

"Ufunguo nauona. Umefungiwa kwenye nini?"

Fundi alianza kutunga uongo, na kipaji alikuwa nacho. Mwanamke anayewaambia wateja kila siku kwamba nguo itakuwa tayari kesho hawezi kushindwa na kipande cha plastiki. Lakini kabla hajazitema pini, mama mkwe wake alitokea jikoni akijifuta mikono, akajibu kwa niaba ya nyumba nzima.

"Hicho? Kilikuwa mgongoni mwa samaki," alisema Bibi kwa fahari. "Imara kweli. Nimekivuta kwa meno, hakikukatika."

"Samaki gani?"

"Chewa. Mwanangu, ungepita Jumatano usingetoka hapa mikono mitupu!"

Mke wa Mwenyekiti alishuka kwenye kigoda. Hakuuliza tena. Alichukua mkoba wake, akauchomoa na ufunguo kwenye msumari bila kuomba, akatoka na gauni lililoshonwa upande mmoja, pini zikimchoma kila hatua naye hasikii.

"Amekasirika nini?" Bibi aliuliza. "Kama alitaka kichwa, kimeshaliwa."

Fundi alizitema pini moja moja kiganjani. "Mama," alisema, "leo umetuua."

*

Asiyeujua mji huu atauliza, ufunguo tu, kelele za nini? Basi na aelezwe. Mji wenyewe ni mdogo, umekaa pale mto unapochokea na bahari inapoanzia. Kuna watu wanaovua ili wale, na kuna wanaovua ili wafurahi. Wa kwanza wamebaki wachache. Wa pili huja mwisho wa wiki na magari makubwa, fimbo zao za kuvulia zimefungwa juu ya paa kama bunduki za jeshi lisilo na adui. Mtu anaamka alfajiri, anakodi boti, ananunua chambo, anakaa juani mpaka pua inabambuka, anamvua samaki, anambusu, anapigwa naye picha, halafu anamrudisha majini. Bibi alipoelezwa mara ya kwanza aliuliza kama wanaume hao wana wake nyumbani.

Chama chao, ambacho Mwenyekiti ndiye anayekiongoza, kina jengo zuri karibu na daraja, kina gati la mbao, na kina sheria moja kubwa kuliko zote: samaki akishavuliwa aachiwe. Gati ni la chama. Mwenye boti akipewa nafasi gatini, ana wageni. Akinyimwa, ana mbao zinazoelea. Mwana wa Bibi, mume wa Fundi, alikuwa na nafasi ya tatu kutoka mwisho, na nyumba yake yote ilikuwa imefungwa kwenye kamba ya nafasi hiyo. Watu walimwita Nahodha, nusu kwa heshima, nusu kwa kejeli, maana chombo chake kikishabeba watu wanne, wa tano inabidi apumue kwa zamu.

Na samaki aliyewaleta wageni wote hao alikuwa mmoja. Chewa mzee, mkubwa kama mtoto wa shule, aliyeishi kwenye shimo chini ya nguzo za daraja. Waliompa jina la Mkurugenzi hawakukosea: alikula kila alichowekewa mbele na hakupatikana alipotafutwa. Alishavuliwa mara nyingi hadi mdomo wake ukawa na matundu kama mkanda wa mtu aliyekonda. Chama kilimvisha lebo ya njano mgongoni ili kila anayempata ajue amempata nani. Ukuta mzima wa baraza ya chama ulikuwa wa picha zake. Wanaume tofauti, miwani tofauti, samaki yuleyule, anaitazama kamera kwa uso wa mtu aliyechoshwa na vikao.

Sasa nyumba ya Bibi iko chini kidogo ya daraja, na nyuma yake kuna ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini. Hapo ndipo Bibi alipovua maisha yake yote. Mshipi wake mnene aliufunga kwenye nondo iliyochomoza ukutani, akaurusha, akaenda kupika. Samaki akinasa, nondo inalia. Yeye hakumsubiri samaki; samaki ndiye aliyemsubiri amalize kukoroga.

Jumatano ile nondo ililia mpaka Fundi akaacha cherehani. Walivuta wote wawili, mkwe na mkamwana, Fundi akateleza akachubuka goti, Bibi akimtukana samaki kwa majina ambayo hakuwahi kumtukania mtu. Kichwa kilipotokeza juu ya ngazi, Bibi alikipiga mchi wa kinu mara moja. Ndipo Fundi alipoiona ile njano.

"Mama," alisema, "huyu ana wenyewe. Ona lebo."

Bibi aliinama, akaitazama. "Ng'ombe nao wanavalishwa hereni. Hawaliwi?"

"Mama, huyu ndiye Mkurugenzi!"

"Basi amestaafu," Bibi alisema. "Lete kisu."

Fundi angeweza kubisha. Lakini samaki alishakufa, kumrudisha majini kusingemfufua, na nyumbani walikuwa wameshakula maharage mpaka wakaanza kuyaota. Alileta kisu. Alitaka mambo mawili tu: lebo itupwe chooni, na mume wake asiambiwe. Bibi aliyakubali yote. La pili alilitimiza. La kwanza lilimshinda, kwa kuwa tangu azaliwe hajawahi kutupa kitu imara.

*

Nahodha alikuwa akifuta viti vya boti alipomwona Katibu wa chama anakuja na gati. Katibu ndiye mwenye duka la fimbo na ndoana pale mjini, mtu mfupi mwenye sauti ndefu, na ndiye aliyepanga boti ipi ikae wapi.

"Toa boti yako."

"Katibu, nina wageni sasa hivi."

"Huna. Wamehamishiwa kwa mwenzako. Fungua kamba, toa."

"Nimekosa nini, mzee?"

"Kaulize nyumbani kwako mmekula nini!" Katibu alisema, na hakumwambia yeye, aliliambia gati zima, na daraja, na waliokuwa juu ya daraja. "Mkurugenzi! Wamemla Mkurugenzi! Na lebo yake wamefungia ufunguo wa jiko!"

Waendesha boti wengine walisogea. Hawa ni watu aliogawana nao petroli, chambo na matusi kwa miaka. Mwenye nafasi ya nne alikuwa ameshaanza kuvuta kamba yake taratibu, chombo chake kinateleza kuelekea ya tatu.

"Hata wewe, kaka?"

"Mimi nasogea tu, ndugu yangu. Nafasi ikikaa wazi maji yanaipiga."

"Wageni wangu wameshapiga simu kughairi," alisema mwingine. "Wanakuja kuvua nini sasa? Makopo?"

"Mwambie mama yako aingie yeye majini. Kwa alichokula, uzito utatosha."

Walicheka, lakini si kile kicheko cha kila siku ambacho hata anayechekwa anapewa fungu lake. Katibu aliinama, akaifungua kamba kwa mkono wake mwenyewe, akaisukuma boti kwa mguu. Kisha akayarusha maboya ya kuvaa, moja moja. La mwisho lilianguka majini, na Nahodha akaanza kulivuta kwa kasia.

"Hilo lirudishe!" mtu alipiga kelele. "Usimpelekee mama, ataliunga!"

*

Boti aliiacha kwenye tope chini ya ngazi za nyumbani, akaingia ndani na miguu ileile.

"Mlikula nini Jumatano?"

Fundi alisimamisha cherehani. "Tulikula. Usijitoe kwenye ngeli."

"Mimi nilikuta kimeshapikwa!"

"Na ukakuta kinaliwa. Ulikula mkia, ukarudi ukaomba mchuzi, ukasema mama yako apewe medali."

"Kwa nini hukuniambia ni nani?"

"Ningekuambia, ungekula?"

Nahodha aliikumbuka ladha ya ule mchuzi. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akashika kichwa.

"Wametoa boti. Katibu mwenyewe kaipiga teke, mbele za watu."

"Katibu yupi?" Fundi alisimama. "Huyu Katibu aliyekaa hapohapo ulipokaa? Aliyekuja Jumatano kukupangia wageni, akasema hali, hali, ameshiba, halafu akala shavu la kulia, akamgeuza samaki akala na la kushoto? Huyo?"

Nahodha alikuwa amesahau. Alikumbuka sasa: Katibu amefungua kishikizo cha suruali, anafyonza mfupa wa kichwa, anasema tangu aoe hajala hivi.

"Basi nakwenda kwa Mwenyekiti sasa hivi," alisema Fundi. "Tena sivui hata tepu shingoni."

"Kaa chini! Ukimtaja Katibu, gatini sirudi mpaka nizikwe. Yeye ndiye anayepanga."

"Kwa hiyo atukane yeye na mifupa tutafune sisi?"

"Hatajwi mtu," Bibi alisema kutoka jikoni. Alikuwa ameketi mlangoni, anaoshwa na maneno hayo yote kama hayamhusu. "Mtu ameingia kwangu, nimempa tonge, kalila. Nikasimame barabarani nimsimange? Nitakuwa nimelisha nini, chakula au deni?"

"Mama, huyo mtu leo amepiga teke boti ya mwanao!"

"Teke ni lake. Chakula kilikuwa changu."

*

Adhuhuri sahani zikaanza kurudi. Bibi hakuwahi kula samaki mkubwa peke yake. Jumatano ile alipeleka kwa kinyozi, kwa mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, na kwa mlinzi wa chama, ambaye ana watoto wengi na mshahara mmoja. Kwa kawaida sahani za Bibi zilichukua mwezi kurudi, na nyingine ziliamua kuhamia hukohuko. Siku hiyo zilikuja zenyewe, zinang'aa.

Ya kinyozi iliteremshwa juu ya ukuta na mkono usio na kichwa.

"Hii sahani," ukuta ulisema, "sijui ilifikaje kwangu."

"Ilifika na samaki," Fundi alijibu.

"Mimi samaki sili, shemeji. Hunitoa vipele."

"Jumatano vipele vilikuwa likizo?"

Mkono ulitoweka. Ya mwalimu ililetwa imefungwa kwenye magazeti, na Fundi alipoifungua akakuta si ya kwao, ni mpya, ina maua pembeni. Woga ulimfanya mzee wa watu arudishe zaidi ya alichopewa. Mlinzi hakurudisha. Alipita tu mbele ya nyumba amevaa sare, akitazama upande wa pili wa barabara kwa bidii ya mtu anayesoma bango, na upande huo hakuna bango.

Halafu wakaja wateja. Mwenye hoteli ya karibu na daraja alimtuma mpishi wake achukue vitambaa vya mapazia, hata vile vilivyokwisha kukatwa. "Bosi kasema hataki mapazia yenye harufu," mpishi alisema, akivinusa mbele ya Fundi, kimoja kimoja, kabla ya kuvikunja. Sokoni Bibi aliuliza nyanya, akaambiwa hizi zina lebo, mama, haziliwi. Alitoka na kikapu kitupu, watu wakimfuata kwa macho na miguno, wengine hata mtoni hawajawahi kufika.

Siku tatu boti ililala topeni. Nahodha aliitazama kupitia dirisha la nyuma. Kuona chombo cha mtu mwingine kimelala hivyo, alidhani, kungemuuma kidogo kuliko kuona chake kinaegemea ubavu kama mlevi. Na gatini, aliambiwa, nafasi ya tatu imeshapakwa rangi mpya.

*

Katibu alikuja kwa njia ya mto. Alipandia ngazi za nyuma, mtaa usimwone, akainama kupita mlango wa jikoni. Bibi alimkaribisha kiti, na kiti kilikuwa kilekile.

"Nimekuja kuwasaidia," alisema.

"Kwa teke la pili?" Fundi aliuliza.

"Mke wa Nahodha, hasira hazijengi. Mimi pale gatini nilikuwa kazini. Sasa sikilizeni." Alipangusa shingo. "Mwenyekiti amewaka. Wanachama wamewaka. Wanataka nafasi ipewe mtu mwingine moja kwa moja. Mimi nimewaambia, huyu kijana ni mtu mzuri, ni mama tu, ni mzee, hakujua. Mama akija barazani akaomba radhi mwenyewe, boti inarudi. Nitaisimamia mimi."

"Akija na kusema nini?" aliuliza Nahodha.

"Alivyovua, alivyopika. Basi. Isizidi." Katibu alimtazama Bibi, kisha akautazama mlango wa jikoni, kisha miguu yake. "Na mimi Jumatano sikufika hapa. Nilipita tu, nikasalimia kwa dirishani."

Fundi alipiga makofi mara moja. "Dirishani! Mashavu mawili uliyalia dirishani?"

"Mke wangu," Nahodha alisema, "nyamaza."

"Na ule mfupa ulioupeleka kwa mbwa wako..."

"Nimesema nyamaza!"

Hakuwahi kumpigia kelele mbele ya mgeni. Fundi aliichukua tepu yake shingoni, akaizungusha kidoleni polepole mpaka ikaisha.

"Unywe maji, Katibu," Bibi alisema. "Umetoka jasho. Nitakuja."

*

Mwenyekiti ni daktari wa meno, kwa hiyo amezoea watu wasioweza kumjibu. Alikaa katikati ya meza ndefu ya baraza, lebo ya njano imewekwa mbele yake juu ya kitambaa cheupe, na ufunguo wa jiko bado umefungwa humo. Kulia kwake Katibu. Wanachama walijaa mpaka kwenye ngazi, na ukutani nyuma yao Mkurugenzi aliwatazama wote kwa uso wake wa vikao. Kiti cha Bibi hakikuwekwa. Fundi alitafuta kwa macho, akaona viti vimerundikwa pembeni, akataka kwenda kuvuta kimoja.

"Atasimama," Mwenyekiti alisema. "Hatutakaa sana."

Bibi alisimama. Alikuwa amevaa nguo yake ya misibani, kwa kuwa hakujua ni shughuli gani hii, akaona kwamba kwa vyovyote kuna marehemu.

"Bibi, unajua ulichofanya?"

"Nilipika."

Kicheko kilianzia nyuma, Mwenyekiti akakizima kwa kiganja. "Yule hakuwa samaki wa kupikwa. Alikuwa wa watu wote."

"Ndiyo maana nili..." Bibi alianza. Macho yake yakamkuta mlinzi, amesimama mlangoni ndani ya sare, anatazama ncha za viatu vyake kana kwamba ndipo hukumu ilipoandikwa.

"Ndiyo maana nini?"

"Ndiyo maana nimekuja."

"Basi omba radhi."

"Nimwombe nani? Yeye?" Alionyesha ukuta.

"Chama, Bibi! Sisi!"

Bibi alizigeukia zile sura, akazipitia zote, polepole, kama anayechagua kuku. "Niwieni radhi," alisema. "Nilidhani ni samaki."

Safari hii kicheko hakikuzimika haraka. Mwenyekiti alikuwa mwekundu wa macho. Hakupenda watu wake wacheke kabla yake, na mtu akishaona kicheko kinamkimbia hutafuta kingine cha kumuumiza nacho mwenzake.

"Na nani alikula nawe?" aliuliza. "Samaki yule ni wa kulisha mtaa. Nataka majina."

Kinyozi alikuwa dirishani, amekuja kutazama. Kichwa chake kilishuka. Katibu alikuwa ameshika glasi ya maji na haikuwa ikienda mdomoni wala haikurudi mezani. Fundi alivuta pumzi. Nahodha alimwona anavuta, na moyo wake ulimwomba asiseme, na ulimwomba aseme, vyote kwa pamoja.

"Mimi nitawaambia," alisema Fundi, akainuka.

Bibi alimkamata kifundo cha mkono. Mkono wa kuvuta mshipi ule, mtu haponyoki. "Kaa, mwanangu." Kisha akamwambia Mwenyekiti: "Nilikula peke yangu."

"Peke yako? Chewa mzima?"

"Nilikuwa na njaa."

Hapo baraza ikapasuka. Watu waliinamiana mabegani. Mtu aliuliza, "Na mifupa?" na Bibi akajibu kwamba mifupa aliila kesho yake, kwa kuwa ameshaanza hakuona sababu ya kuacha. Mtu mwingine alimpiga picha na simu, akiwa amesimama chini ya picha za wanaume na samaki wao, mkoba wake mdogo ameukumbatia mbele. Katibu ndiye aliyecheka kuliko wote. Alicheka mpaka maji ya glasi yakamwagikia kitambaa cheupe, na alipofuta machozi, macho yake yalimkuta Bibi anamtazama, si kwa hasira. Kwa namna mtu anavyomtazama mgeni aliyeshiba.

"Boti irudi," Mwenyekiti alisema hatimaye. "Kwa sharti. Mshipi pale ngazini, marufuku. Hata wa mchezo." Hakumwuliza Bibi. Alimgeukia Nahodha. "Unaahidi?"

Kupitia dirisha Nahodha aliliona gati. Nafasi ya tatu ilikuwa wazi tena, maji yanaipiga.

"Naahidi."

"Wasikie na wa nje."

"Hatavua tena," Nahodha alisema.

Bibi aligeuka akamtazama, halafu akatazama nyuma yake, kana kwamba anamtafuta aliyesema.

Mshipi Bibi aliukata mwenyewe, mchana uleule, Katibu akiwa amesimama ngazini kuhakikisha. Nondo haikukatika, ilikuwa imeota ukutani. Wakaiacha.

*

Sasa chama kilikuwa hakina Mkurugenzi, na wengi waliona mji umekwisha. Haukuisha. Ile picha ya simu ilitembea, na maneno yakatembea nayo: kuna bibi kizee huko amemla samaki mzima, mkubwa kuliko yeye, peke yake, na mifupa. Wageni wakaja kuuliza. Katibu, ambaye hajawahi kukiona kitu kinachouzika akakiacha kiende, aliisafisha picha ile, akaiweka kwenye fremu, akaitundika mwisho wa safu ya ukuta. Mlafi wa Mtoni, iliandikwa chini. Kisha akaja gatini na agizo: kila boti itakayopita chini ya daraja ipunguze mwendo mbele ya zile ngazi.

Fundi alitundika pazia nyuma ya nyumba. Upepo wa mto ulilichukua siku ya pili. Mumewe akirudi anamkuta ameshamwekea chakula, kimefunikwa, na yeye yuko kwenye cherehani anashona kitu ambacho hakina mteja. Wakati mwingine anamwuliza jambo, naye anajibu kwa mguu, anakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi.

Bibi aliendelea kukaa ngazini. Angekaa wapi? Mikono aliiweka mapajani, na vidole vya mkono wa kulia vilikaa vimekunjwa kidogo, vikishika kitu ambacho hakipo.

Jumamosi moja Nahodha alikuwa na mgeni mmoja tu, mtu mnene mchangamfu mwenye fulana iliyochorwa samaki. Walikaa juani asubuhi nzima. Mgeni alimpata kibua mdogo, saizi ya kiganja, akambusu, akapigwa naye picha, akamrudisha majini kwa mikono miwili kama anamlaza mtoto. Alifurahi sana. Wakaanza kurudi.

"Ni yule pale?" mgeni aliuliza walipopita chini ya daraja. Alikuwa amesimama mbele kabisa ya boti, simu mkononi.

"Ndiye."

"Punguza basi, punguza!"

Nahodha alipunguza. Boti ilisogea mpaka karibu na ngazi, injini inakoroma palepale.

"Bibi!" mgeni alipiga kelele. "Tukuletee mwingine?"

Bibi hakumtazama yeye. Alimtazama anayeshika usukani.

"Mmepata?" aliuliza.

"Tumepata, mama. Mdogo."

"Mmemfanyaje?"

"Tumemwachia."

Bibi alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayeona kwamba kazi imefanywa vizuri. "Na mimi," alisema, "mtaniachia lini?"

Mgeni alishusha simu, akageuka nyuma, mkono umezunguka sikio. Injini ilikuwa imemeza yote.

"Amesemaje?"

"Anakusalimu," Nahodha alisema, akaongeza mafuta.